Kutunza au kuonyesha tu: nilivyoandika lengo na historia ya kituo chetu cha sanaa, Lubumbashi

Nyumba nyingi za sanaa huandika lengo lisilomkera mtu: kukuza utamaduni, kuinua vijana, kuunganisha jamii. Maneno hayo hayasaidii chochote siku mjane wa mchoraji anapofika mlangoni na rundo la picha, akasema, "Papa, zichukueni, kwangu panavuja." Unachukua au huchukui? Kama karatasi yako haina jibu, hujaandika lengo bado. Kwa hiyo nilipopewa kazi hii, swali la kwanza nililowawekea wenzangu mezani lilikuwa hilo: tunatunza, au tunaonyesha tu?

Wengine walishalijibu kwa njia tofauti. Museum of Contemporary Art ya Chicago ilifungua milango 1967 katika jengo lililokuwa la kuoka mikate, bila mkusanyo wowote. Ilianza kukusanya 1974. Institute of Contemporary Art ya Boston, iliyoanza 1936, ilikaa miongo mingi ikionyesha tu, mpaka ilipohamia jengo lake jipya la 2006. New Museum ya New York, iliyoanzishwa na Marcia Tucker 1977, ilishika njia ya katikati: kazi zilipangwa kukaa angalau miaka 10, kisha kuachiwa ziuzwe, ili mkusanyo usizeeke. Njia hii ya tatu ni ya akili sana, lakini hapa kwetu isingefaa. Picha ya marehemu ikiuzwa, hata kwa haki, mtaa mzima utasema imeuzwa kwa siri.

Kuna pia suala la jina. Fasili ya makumbusho iliyopitishwa na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, huko Prague, Agosti 2022, inadai kazi tano: kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufasiri na kuonyesha. Usipokusanya, usijiite makumbusho. Tukajiita kituo.

Kilichoamua zaidi ni hali ya hewa. Picha nyingi za mitaani za Lubumbashi zimechorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, kikapigiliwa misumari kwenye fremu ya mbao nyepesi. Wakati wa mvua kitambaa kinalegea na ukungu unaanzia nyuma. Wakati wa kiangazi kitambaa kinakaza, rangi inapasuka kwenye kingo za fremu, na vumbi jekundu linaingia kwenye nyufa. Mashine ya kukausha hewa ingesaidia, ila umeme ukikatika inazimika, na unyevu unaopanda na kushuka ovyo ni mbaya kuliko unyevu uliotulia. Nyumba isiyoweza kulipia chumba kikavu mwaka mzima isiahidi kutunza.

Lengo likawa sentensi nne: "Kituo kinaonyesha kazi za wachoraji wa Lubumbashi, walio hai na waliotangulia. Hakinunui wala hakipokei kazi kama zawadi. Kinaazima kwa muda ulioandikwa, kinapiga picha, kinarudisha. Picha hizo na maelezo yake ziko wazi kwa kila mkaaji." Kila kitenzi nilikidai mambo matatu: nani atafanya, wapi, kwa pesa gani. "Kufundisha" kilikosa jibu la tatu, tukakifuta. Kisha hakikisha statuti (katiba) za asosiasio, zinazoandikwa kwa Kifaransa chini ya sheria ya Kongo namba 004/2001, zinasema jambo lile lile. Zikitofautiana na maneno ya ukutani, mfadhili atauliza, na atakuwa na haki.

Historia ilitaka subira zaidi. Niligawa karatasi safu mbili, yaliyoandikwa mahali na yaliyosimuliwa, na ukutani zikapanda tarehe za safu ya kwanza tu. Tulianza na 1946, Pierre Romain-Desfossés alipofungua atelye ya Le Hangar walikotokea Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Andika Élisabethville hapo, kwa sababu jina Lubumbashi limekuja 1966. Mwanzilishi alifariki 1954, na ni rahisi kuruka kutoka hapo hadi 2008, mwaka wa bienale (maonyesho ya kila miaka miwili) ya kwanza ya Picha, asosiasio ya wasanii ya hapa Lubumbashi. Ukiruka hivyo, unawafuta wachoraji wa picha za ukumbusho, zile za mitaani zinazosimulia yaliyopita, ambao wengi wao hawakupita akademia. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi katika miaka ya 1970. Mfululizo wake wa picha 101 uko Amsterdam, nasi hatuna hata moja ya kuning'iniza. Tuliandika hivyo hivyo ukutani.

Kukadiria mwaka wa picha kuna mtego wake. Neno "Zaïre" ndani ya picha linakuelekeza kati ya 1971 na 1997. Lakini maandishi "Colonie Belge 1885-1959" ni miaka ya jambo linalosimuliwa, si ya kuchorwa. Nimeshaona yamenakiliwa kwenye kibandiko kama tarehe ya kazi. Geuza picha. Shika taa ubavuni, karibu na kitambaa: herufi za kinu cha unga zitajitokeza chini ya uchafu, na mara nyingine jina la mnunuzi wa kwanza kwa penseli. Misumari yenye kutu iache. Ukiivuta, kitambaa kinachanika.

Karatasi ya kuazima ina kimo kwanza, upana baadaye, kwa sentimita. Picha ya mbele na ya nyuma. Kila ufa uliokuwepo siku ya kupokea, umechorwa kwenye mchoro mdogo. Na tarehe ya kurudisha. Wengi husahau mstari mmoja: nani atapokea kazi mwenyewe akifariki kabla ya tarehe hiyo. Tunaandika majina mawili, na wote wawili wanatia sahihi siku ile ile, mbele ya mwenye picha.