Mililita 30

Swali la kwanza ambalo wazazi huniuliza kabla mtoto wao mchanga hajaingizwa chumba cha upasuaji ni hili: "Sista, hiyo damu imepimwa?" Wana haki ya kuuliza, nami huwajibu kwa kirefu kwamba damu ya kila mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende kabla haijaruhusiwa kutoka benki ya damu. Wakishasikia hivyo nyuso zao hulegea, na mazungumzo huelekea kuishia hapo. Asiyetulia ni mimi, kwa kuwa kazi ya uuguzi upande wa usingizi imenifundisha kwamba penye damu iliyopimwa vizuri, linalomtishia mtoto wa miezi miwili mezani ni kiasi cha damu hiyo, kasi yake, ubaridi wake na jina lililoandikwa kwenye mfuko.

Mtoto mchanga ana damu ya mililita 80 hadi 90 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 4 ana kama mililita 340 tu mwili mzima. Mililita 30, ambazo mtu mzima huweza kutolewa kwa vipimo vya maabara asijue kama zimepungua, kwake ni karibu sehemu moja ya kumi ya damu yote aliyo nayo. Ndiyo sababu shashi zilizolowa hatuzitupi hivi hivi. Tunaziweka kwenye mizani, tunatoa uzito wa shashi kavu, tunahesabu gramu moja kuwa mililita moja, kisha namba inaandikwa ubaoni ambapo daktari wa upasuaji ataiona akiinua macho. Kukadiria kwa macho sikuamini hata kidogo, maana nimewahi kuona mtoto akigeuzwa mwishoni mwa upasuaji na kitambaa cha chini ya mgongo kikakutwa kimeloa chote.

Kipimo cha damu anayoongezewa nacho hufuata uzito. Hatusemi "mfuko mmoja", tunasema mililita 10 au 15 kwa kila kilo, tukipima upya kadiri anavyoendelea kuvuja. Damu hupitia kwenye kichujio, huvutwa kwa bomba la sindano, na kila inaposukumwa mtu hutamka kiasi kwa sauti na mwingine huandika. Ikizidi, mapafu hujaa maji na moyo mdogo hulemewa.

Kuhusu kasi ningependa kueleza zaidi, kwa sababu hapa ndipo hatari isiyoonekana ilipo. Damu hutunzwa katika jokofu lenye nyuzi 2 hadi 6, na kadiri siku zinavyopita seli nyekundu huvujisha potasiamu kwenye maji yanayozizunguka. Damu iliyopigwa mionzi, yaani iliyoangaziwa ili chembechembe nyeupe zilizomo zisiweze kuzaliana, huvujisha kwa haraka zaidi. Ikiingia polepole mwili huimudu, lakini ikisukumwa kwa nguvu kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, potasiamu hiyo inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Kwa hiyo upasuaji unaotarajiwa kumwaga damu nyingi huombewa damu changa, kwa kawaida isiyozidi siku tano, na kama inahitaji mionzi basi ipigwe karibu na saa ya kutumika. Ombi hilo hupelekwa benki ya damu siku moja kabla. Damu ikishaanza kumwagika hakuna wa kukuchagulia mfuko.

Halafu kuna sitrati, dawa inayowekwa mfukoni ili damu isigande, ambayo huinasa kalsiamu ya mtoto. Moyo wa mtoto mchanga huitegemea sana kalsiamu iliyomo kwenye damu kuliko moyo wa mtu mzima, hivyo shinikizo la damu hushuka, na asiye na uzoefu hudhani mtoto bado anapungukiwa na damu, akaongeza nyingine yenye sitrati ileile. Kinachotakiwa wakati huo ni kalsiamu, tena kupitia mrija mwingine, kwani ikikutana na damu kwenye mrija mmoja damu hiyo huganda. Ubaridi nao huzidisha mambo, na damu inayoingizwa kwa wingi hupitishwa kwenye kifaa cha kupasha joto.

Jina ndilo lililowahi kunitoa jasho. Tulikuwa na mapacha, wote wameandikwa kwa jina la mama yao, tarehe ya kuzaliwa moja, namba zikitofautiana tarakimu ya mwisho tu. Mfuko uliofika ulikuwa wa yule mwingine. Faili la mezani lilisomeka sawa, kwa kuwa nalo lilikuwa limekosewa, na lililotuokoa ni mwenzangu aliyeinua shuka la upasuaji akasoma mkanda wa kifundo cha mguu. Pengine kundi lao la damu lilikuwa moja. Hatukuwa na haja ya kujaribu.

Wapo pia akina baba wanaokunja mkono wa shati papo hapo wakitaka watoto wao wapewe damu yao wenyewe. Nawaheshimu, ila nawazuia. Chembechembe nyeupe za ndugu wa karibu zinaweza kufanana mno na za mtoto, mwili wake usizitambue kuwa ngeni, zikakaa na kuanza kuushambulia, na tatizo hilo huua karibu wote wanaolipata. Mionzi huzuia jambo hilo. Zaidi ya hapo, kingamwili alizo nazo mtoto katika miezi minne ya kwanza hutoka kwa mama, ambaye huenda wakati wa ujauzito alitengeneza kingamwili dhidi ya seli za baba. Kwa sababu hiyohiyo maabara hupenda kupata sampuli ya mama pia inapolinganisha damu.

Mtoto aliyelala usingizi wa dawa halii, hatetemeki, wala halalamiki kuumwa mgongo. Tunachoangalia ni mapigo yanayopanda bila sababu, shinikizo linaloshuka, vipele, kifua kinachobana, mkojo mwekundu, au kidonda kilichokuwa kimekauka kuanza kuchuruzika. Likitokea mojawapo damu husimamishwa kwanza, maswali baadaye. Mfuko uliobaki, hata ukiwa mtupu, hatuutupi mpaka mtoto awe ametulia wodini, kwani maabara wakiuhitaji watauhitaji uleule.