Namba E si umri wa gari

Mdogo wangu anatafuta Toyota IST ya mkononi hapa Dar. Muuzaji mmoja alisifia jambo moja tu: "Kaka, hii ni namba E." Jamani, herufi hiyo ya kwenye pleti namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini Japani! IST za umbo la kwanza zilitoka kiwandani kati ya 2002 na 2007. Zihesabieni umri wenyewe.

Tulienda asubuhi na fundi wetu, tukiwa tumeomba injini isiwashwe kabla hatujafika. Kuwasha tu, moshi wa buluu: oili inaungua ndani. Fundi akachomoa stiki ya gia boksi, mafuta meusi, yananuka kuungua. Shokapu na bushi zilizochoka tungezivumilia, kwenye maduka ya spea Gerezani zipo za kila bei. Lakini injini na gia boksi kwa pamoja? Hapo unanunua gari mara ya pili.

Muuzaji akashusha bei palepale, na dogo macho yakamtoka. Nikamwambia twende zetu.

Bado tunatafuta. Mwenye IST aliyoitumia mwenyewe na risiti za sevisi anazo, anicheki inbox.