Asubuhi ya Muziki na Watoto Wachanga

Kabla ya kujifungua nilikuwa mpenzi mkubwa wa maonyesho ya muziki wa klasiki, na binti yangu alipozaliwa niliamini kwamba ningekaa miaka kadhaa bila kukanyaga ukumbini, kwa kuwa sikuwa tayari kuwaharibia wengine starehe yao kwa kilio cha mtoto. Niliposikia kwamba wanamuziki wanne wangewapigia watoto wachanga na wazazi wao, tena asubuhi, nilikwenda kwa kiu yangu mwenyewe zaidi kuliko yake. Alikuwa na miezi mitano.

Viti vilikuwa vimeondolewa na mazulia kutandikwa. Wapiga fidla wawili, mpiga viola (ala kama fidla, ila kubwa kidogo) na mpiga selo (ala kubwa ya nyuzi inayoshikwa kati ya magoti) waliketi katikati yetu, karibu kiasi kwamba niliona vumbi jeupe la ulimbo unaopakwa upinde wa kupigia likidondoka. Tuliambiwa kwamba kunyonyesha, kubadilisha nepi, kutambaa na kulia vyote ni ruhusa, na kwamba taa hazingezimwa.

Mpiga selo alianza peke yake, kwa utangulizi wa Suti ya Kwanza ya selo, yaani mfululizo wa vipande vya muziki, ya mtunzi Bach, ambao kwa kawaida hauchukui hata dakika tatu. Binti yangu, aliyekuwa akihangaika tangu tulipoingia, alikuwa amelala chali juu ya zulia. Upinde ulipogusa uzi mnene alitulia ghafla, vidole vya miguu vikatanuka, macho yakatafuta sauti inatoka wapi. Nilipoweka kiganja sakafuni nilielewa: mlio ulikuwa ukipita kwenye mbao na kuufikia mgongo wake. Nyumbani nilikuwa nimempigia rekodi ya kipande hicho hicho mara nyingi, wala hakuwahi kugeuza kichwa.

Walipofikia wimbo wa kubembelezea mtoto uliotungwa na Brahms, mtoto mmoja aliangua kilio, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyegeuka kuwatazama wazazi kwa jicho la lawama. Wanamuziki waliendelea, wakipunguza sauti kidogo, nami nikakumbuka kwamba Brahms aliuchapisha wimbo huo mwaka 1868 kwa heshima ya rafiki yake aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili wa kiume. Kwa hiyo kilio kile hakikuwa kigeni kwa muziki ule hata kidogo. Kwa maoni yangu, kumbi zetu zenye ukimya mkali ndizo zilizoutenga na wenyewe.

Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza, “Eti ni kweli, dada, muziki huu unawaongezea watoto akili?” Nilimweleza ninachokijua: utafiti wa mwaka 1993 ulioanzisha habari hizo uliwapima wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wachanga, na nafuu iliyoonekana ilidumu dakika chache tu. Alifikiri kidogo, kisha akasema, “Basi si neno. Tazama anavyosikiliza.” Mwanawe alikuwa ameacha kunyonya na kumkodolea macho mpiga viola.

Mwishoni watoto waliruhusiwa kugusa ala. Binti yangu aliupiga ubao wa selo kwa kiganja, na mpigaji akamjibu kwa noti moja ndefu huku mkono wa mtoto ukiwa bado pale. Aliuondoa upesi, akanitazama, kisha akaurudisha mwenyewe. Kabla hatujatoka nilikuwa nimeshaandikisha majina yetu kwa onyesho lililofuata.