Nguzo za Uumbaji: nimefika kwenye rangi

Kwa wageni: nimechukua data ghafi za darubini ya angani ya James Webb, zile za Nguzo za Uumbaji, minara ya gesi na vumbi iliyo ndani ya galaksi yetu, miaka ya nuru 6,500 hivi kutoka hapa, niunde picha yangu badala ya kupakua ile iliyotolewa Oktoba 2022. Data zenyewe ni bure kwa yeyote, zipo kwenye hifadhi ya MAST. Ni bando tu na subira.

Nimetumia vichujio vitatu, kila kimoja kikipitisha mwanga wa urefu fulani tu wa wimbi, kuanzia fupi hadi refu: F090W, F200W na F444W. Ukifungua faili unakuta giza na vinukta vichache, maana nyota kali zimemeza kipimo chote. Inabidi uinue sehemu hafifu taratibu mpaka vumbi lijitokeze. Hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye F090W nguzo ni nyeusi ti. Rukia F444W, vumbi lile lile limelegea, nyota zilizokuwa zimefichwa zinachungulia. Nimekesha nikizibadilisha tu, hii, ile, hii, ile.

Nyota kali zaidi zilitoka na tundu jeusi katikati kwa sababu kihisio hujaa, nimeziba. Miiba yake minane nimeiacha: inatokana na umbo la kioo kikubwa cha darubini na mihimili inayoshikilia kioo kidogo mbele yake.

Nikairusha kwenye grupu la familia. Mjomba: "Mashallah." Shangazi akaiweka profaili papo hapo. Binamu yangu, mbishi wa kuzaliwa, akauliza: "Hizo rangi si umepaka mwenyewe?"

Swali zuri kuliko sifa zote. Jicho letu huishia kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 0.7, vichujio vyangu vinaanzia 0.9 na kufika 4.4, kwa hiyo hakuna rangi ya kuiona hapo. Nimelipatia wimbi fupi rangi ya buluu, la kati kijani, refu jekundu. Ni kama kushusha wimbo wa taarabu ufikie sauti ya mwimbaji: noti zote zinahama pamoja, mpangilio unabaki. Picha ya nguzo hizi hizi ya darubini ya Hubble ya 1995, ambayo watu huiona ndiyo "halisi", ilikwenda mbali zaidi: hidrojeni, ambayo hung'aa nyekundu, ilipewa kijani ili itofautiane na salfa.

Wala simlaumu binamu kwa kushuku. Mwisho wa Julai 2022 mwanafizikia Mfaransa Étienne Klein aliweka mtandaoni kipande cha soseji ya chorizo akidai ni nyota Proxima Centauri iliyopigwa na Webb. Watu wakashangilia, mpaka akaomba radhi.

Kinachofuata ni kuongeza F335M, inayoonyesha vizuri zaidi kingo za vumbi. Binamu ameomba nakala ya F444W peke yake, bila rangi. Kusema kweli hata mimi naipenda kuliko ya rangi, na ndiyo nitakayoanza kuichapisha, saizi ya A3.