Kwa nini sigawi tena ishara ya kidijitali kwa waya wa panda

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya ufundi sauti, nilipewa kazi ya kurekodi kwaya katika kanisa moja jijini Mwanza, na sauti iliyotoka kwenye miksa ilitakiwa kufika mahali pawili kwa wakati mmoja: kwenye rekoda yangu, na kwenye gari la watu wa redio waliokuwa wakirusha ibada moja kwa moja. Miksa ilikuwa na tundu moja tu la kutolea sauti ya kidijitali kwa utaratibu wa AES3, mmoja wa taratibu za kupitisha sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu. Usiku wa kuamkia ibada nikalehemu waya wa panda, wenye plagi moja ya XLR upande wa miksa na mbili upande wa pili. Kwa sauti ya analojia, yaani isiyogeuzwa kuwa tarakimu, nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi, na hakuna kilichoharibika.

Asubuhi taa ya rekoda inayoonyesha kwamba ishara imepokelewa ikawa inawaka na kuzimika, na kila baada ya muda mfupi, katikati ya sauti za soprano, palisikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Nilipochomoa tawi lililokwenda kwenye gari, rekoda ikatulia papo hapo. Watu wa redio wakapewa sauti ya analojia kutoka tundu jingine, lakini wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha kuharibika, na wanakwaya walikuwa wameufanyia mazoezi kwa wiki nyingi. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nijifunze kinachopita ndani ya waya ule.

Utaratibu wa AES3, uliotolewa mwaka 1985, hupitisha njia mbili za sauti katika kebo moja. Kila sampuli, yaani kipimo kimoja cha sauti chenye hadi biti 24 (tarakimu za 0 au 1), husafiri ndani ya kifungu cha biti 32 pamoja na alama za kuutambulisha mwanzo wake na taarifa nyingine. Kwa hiyo kwenye kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kila sekunde kwa kila njia, waya hubeba biti 3,072,000 kila sekunde. Kila biti huanza kwa volti kubadilika, na biti ya 1 huongezewa badiliko jingine katikati yake. Kutokana na mabadiliko hayo kifaa kinachopokea hupata data na saa, yaani mapigo ya kupimia muda, kwa pamoja, kwa hiyo badiliko likichelewa au likififia kidogo tu, hesabu yote huyumba.

Ndiyo maana kebo yenyewe hutakiwa kuwa na ukinzani wa omu 110, sawa na wa kifaa kinachotuma na kinachopokea. Toleo la kwanza liliruhusu vipokezi kadhaa kwenye waya mmoja, lakini marekebisho ya mwaka 1992 yaliweka mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja. Panda yangu iliweka vipokezi viwili sambamba, yaani omu 55 mahali pa 110, na sehemu ya wimbi ikawa inagonga pale kwenye panda na kurudi ilikotoka, ikiyavuruga mabadiliko yaliyokuwa yanafuata. Tiba yake ni kisanduku cha kugawia, ambacho hupokea ishara, huisafisha, kisha huituma upya kwa kila tundu likiwa na saketi yake. Hata tawi moja likichomolewa, mengine hayajui.

Kuunganisha ishara kadhaa ni kugumu zaidi kuliko kugawa moja, na nadhani neno lenyewe hutupoteza. Ziko njia kama ADAT, inayopitisha njia 8 katika uzi mmoja wa mwanga, na MADI, iliyoanza na njia 56 na baadaye ikafika 64. Hapo sauti hazichanganywi. Hufungwa pamoja kama mzigo wa kuni, kila kijiti kikibaki chenyewe, na mwisho wa safari hufunguliwa. Kuchanganya ni kazi nyingine: sampuli ya huku hujumlishwa na sampuli ya kule, na tarakimu mpya huzaliwa. Waya hauwezi kujumlisha. Ukiviunganisha vitoleo viwili vya kidijitali kwenye plagi moja, hupati sauti hata moja.

Na ili kujumlisha kuwezekane, sampuli zote mbili lazima zifike kwa mapigo ya saa moja. Vifaa viwili vinaweza kuandika kilohezi 48 kwenye vioo vyao, lakini saa zao zikitofautiana kwa sehemu 10 tu katika milioni, takriban kila sekunde mbili sampuli moja huzidi au hupungua, na hapo ndipo mlio wa kijiti unaposikika. Mimi huchagua kifaa kimoja kiongoze, nikaipeleka saa yake kwa vingine kupitia kebo ya omu 75, na kifaa cha mwisho kwenye mstari nikakifunga kizibo cha omu 75 ili wimbi lisirudi. Kifaa kisichoweza kufuata saa ya nje hupitishwa kwenye kibadilisha sampuli, ambacho hukokotoa upya kila tarakimu. Hufanya kazi vizuri, ila mimi hukitumia pale tu ninapokosa njia nyingine.

Iko pia nafasi ya tarakimu zenyewe. Sauti mbili za biti 24 zilizojaa zikijumlishwa huhitaji biti 25, na nane huhitaji 27. Programu nyingi hukokotoa kwa nafasi pana kuliko hiyo, lakini mlangoni pa kutokea jumla hurudi kwenye biti 24, na kilichozidi hukatwa. Kwa sababu hiyo mimi huziacha sauti zinazoingia zikiwa na desibeli 12 za akiba chini ya kiwango cha juu kabisa.

Mwezi uliopita nilirekodi tena kwaya, safari hii waimbaji wakiwa na miksa yao na wapiga vyombo na yao. Miksa ya vyombo niliiamuru ifuate saa ya miksa ya waimbaji, kisha nikakaa mbele ya rekoda na vipokea sauti masikioni kwa dakika 40, nikikisubiri kile kijiti kivunjike. Hakikuvunjika.