Laki nane za kibao cha ithibati

Kile kibao bado ninacho. Kimeziba tundu la panya nyuma ya mlango wa stoo yangu, Barabara ya 14 Ngamiani, maandishi yakitazama ukuta. Yanasema kwa rangi ya dhahabu kwamba kampuni yangu "imepewa ithibati", na chini yake kuna nyota tano. Hizo nyota alizipanga mchora mabango, maana hakuna mtu wa taasisi iliyonipa ithibati hiyo aliyewahi kukanyaga saiti yangu hata moja.

Mimi ni mkandarasi wa majengo daraja la saba, ngazi ya chini kabisa kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Nina mafundi wanne wa kudumu, saidia fundi nawachukua kwa siku. Kazi zetu nyingi ni za ukarabati: kenchi zilizoliwa na mchwa, mabati yaliyooza kwa upepo wa bahari, plasta inayomeng'enyuka. Tanga ukijua kupambana na chumvi hulali njaa, ila kazi kubwa utazisikia kwa wenzio.

Hapo ndipo waliponipatia. Ilikuwa 2022, mji mzima unazungumzia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, hapa hapa Tanga. Kila mwenye karai na mwiko alishajiona anamwaga zege la matangi. Wakaja watu wa suti, wakakodi ukumbi, wakatupa chai na sambusa, wakatuambia kampuni kubwa haigusi mkandarasi asiye na ithibati. Nikalipa 450,000 ya kujiunga. Mwaka uliofuata 350,000 ya kuendelea. Neno lenyewe, ithibati, lina uzito wake, ukilisikia unaona aibu kuuliza imetolewa na nani na kwa mamlaka gani.

Baadaye ndiyo nikaja kuelewa kwamba kwa shughuli za mafuta na gesi, EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, wana kanzidata yao ya wauzaji na watoa huduma wa ndani. Sambusa zile hazikuwa na uhusiano wowote na kanzidata hiyo.

Kibaya zaidi, mwaka ule wa pili nilichelewesha ada ya mwaka ya Bodi kwa sababu hela ilikuwa imekwenda kwenye nyota. Sasa Bodi si pambo. Ipo kwa Sheria Namba 17 ya 1997, na usipolipa wanakufuta, basi wewe si mkandarasi tena, umerudi kuwa fundi wa kuitwa dirishani. Nilikopa kwa shemeji ili niwahi. Fikiria mtu anayening'iniza ithibati ya dhahabu huku usajili wake halisi unakata roho.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Raskazone, muuguzi mstaafu. Nyumba yake ni ya mawe ya zamani, inaitazama bahari, na ukuta wa baraza ulikuwa umevimba kama andazi. Nikaenda kupima. Nikamwamkia, nikatoa bahasha yenye nakala ya cheti changu cha nyota, nikaiweka mezani kwa mbwembwe. Akavaa miwani, akakisoma chote mpaka namba ya simu chini.

"Hawa waliokupa nyota," akasema, "ukinikimbia na advansi yangu, nikiwapigia watanisaidia?"

Nikasema ndiyo mama, bila shaka. Akasema haya, piga tusikie. Nikapiga, nikaweka spika. Dada akapokea vizuri tu. Nikamwambia kuna mteja anataka kujua akiwa na malalamiko juu ya mwanachama wenu afanyeje. Akauliza: "Mlalamikaji ni mwanachama?" Nikasema hapana, ni mteja. "Samahani kaka, sisi tunahudumia wanachama."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Akanisogezea machungwa ya Muheza, akaniambia, "Nipe namba ya mtu uliyemfanyia kazi mwaka juzi, si wa mwezi huu." Nikampa ya mzee mmoja wa Chumbageni niliyemjengea jiko. Akampigia palepale mbele yangu, nami natokwa jasho, maana yule mzee hana breki. Na kweli akaanza na kasoro: "Huyo kijana anachelewa kuanza." Kimya. "Lakini ukimwita kwa ubovu anarudi."

Kazi ya milioni 2.8 nimeipata kwa sentensi hiyo.

Nikianza kueleza baraza lile sitamaliza, ila kidogo. Fundi aliyetangulia alitumia mchanga wa ufukweni. Chumvi iliyomo inavuta unyevu, inavimba ndani ya plasta, inaisukuma nje. Na juu ya mawe yale akapiga simenti nzito, ukuta ukakosa pa kupumulia. Tukabandua mpaka kwenye jiwe, tukasugua kwa brashi, tukauacha ukauke wiki tatu (mama akilalamika kila asubuhi), ndipo tukarudi na mchanga wa mto na chokaa. Hakuna nyota inayokufanyia hiyo subira.

Baada ya hapo nikaanza daftari. Kila mteja aliyenipa kazi nilimuuliza swali moja: umenijuaje? Kwa mwaka mmoja nilipata kazi 23. Kumi na nne zililetwa na wateja wa zamani au ndugu zao. Tano zilitoka kwa muuza duka la vifaa vya ujenzi ambaye simkopi nikamtoroka, naye ananitaja kwa watu. Tatu walisoma kibao cha saiti wakipita na bodaboda. Aliyeniambia ameona nyota hakuwepo.

Ya 23 ndiyo inanizuia kusema hela yote ilitupwa. Kwenye chakula cha mchana cha wale watu wa nyota nilikaa meza moja na mkadiriaji majenzi. Akaangalia kotesheni yangu moja, akaniuliza usafiri wa mchanga nimeuweka wapi, na simenti inayomwagika, na siku za mvua. Sikuwa nimeviweka popote. Miaka sita nilikuwa nafanya kazi nikijikata mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga bei, na yeye ndiye aliyenipa ile kazi. Kwa hiyo kama nililipa 800,000 kwa meza ile, sijapunjika sana. Ila mafunzo ya makandarasi Bodi yenyewe inayaendesha, na watu wa aina ile wamo humo pia.

Kazi za serikali nazo nilizijaribu. Tangu 2023 zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, na kule mambo ni usajili, kodi, leseni ya biashara, kazi ulizofanya. Nilitafuta pa kupakia kile cheti cha nyota mpaka mtoto wangu akanionea huruma. Kinachotuumiza sisi wadogo huko ni dhamana ya zabuni, ile karatasi ya benki ya kukudhamini, ukiiomba benki inakutazama kama mwizi. Kwa hilo Bodi ina mfuko wa kusaidia makandarasi kupata dhamana. Ada ninayowalipa nawalalamikia kila mwaka kwamba ni kubwa, lakini angalau naijua kazi yake.

Mpwa wangu anapaka rangi nyumba za watu Marekani, nikampigia nimcheke kwamba huko hakuna upuuzi huu. Akanicheka yeye. Wanayo Better Business Bureau, ipo tangu 1912, si ya serikali, inazipa biashara alama kuanzia A+ mpaka F, na ukitaka kuitumia nembo yao unalipia. Mwaka 2010 televisheni ya ABC ilirusha habari ya watu waliosajili biashara ya uongo kwa jina la Hamas kwenye tawi la Los Angeles, wakalipa, wakapewa A-. Tawi hilo lilikuja kufukuzwa 2013. Lakini yeye bado analipa, kwa sababu wale wanapokea malalamiko ya mteja yeyote na majibu ya mkandarasi yanaonekana, na wazee wa mtaani kwake huwa wanaangalia huko kabla ya kumwita mtu. Nikaona tofauti ilipo. Tangu hapo mwenzangu akiniuliza ajiunge wapi, namwambia awapigie kwanza akijifanya mteja aliyetapeliwa, asikilize watakavyomjibu.

Zile 350,000 za mwaka wa tatu sikuzilipa. Nilitengeneza kibao cha saiti kinachosomeka, chenye namba yangu ya usajili ili anayetaka aikague Bodi. Nikaanza kutoa karatasi ya dhamana: miezi sita, ufa au unyevu narudi bure, rangi iliyochorwa na watoto haimo. Mafundi wangu walinuna, wakasema tutageuzwa watumwa. Mwaka wa kwanza tumerudi mara nne, gharama 190,000 na ugomvi mmoja wa Sahare ambao mpaka sasa naamini bomba lilikuwa lao.

Mama wa Raskazone mwaka huu alinipa ukuta wa jikoni. Jana amenipigia: kuna doa chini ya dirisha, na karatasi yake imebakiza siku tisa. Amezihesabu. Alhamisi naenda na brashi.