Lurleen, mke wa gavana

Jumapili tulikuwa Lake Lurleen tunachoma nyama. Kwa asiyejua, hiyo ni paki ya jimbo nje kidogo ya Tuscaloosa hapa Alabama, kuna ziwa la ekari 250 hivi, watu wanavua samaki, watoto wanaogelea, na sisi Waswahili wa huku tulivyo wachache tunapata pahala pa kupiga kelele bila jirani kuita polisi. Walikuwepo Wakenya wenzangu, familia ya Wakongo kutoka Birmingham, na Mtanzania mmoja ambaye lazima atuambie kila mwaka kwamba pilau letu la Pwani si kitu. Sasa mtoto wa rafiki yangu akasoma kile kibao cha getini akauliza, Auntie, Lurleen ni nani? Watu wazima tukatazamana. Nikasema nadhani alikuwa mke wa gavana. Mtanzania akadakia, kumbe hata kwetu tungeweza kuwa na Bwawa la Mke wa Mkuu wa Mkoa, tukacheka mpaka mkaa ukasahaulika.

Wenzangu waliendelea na nyama, mimi jina likaniganda. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee, na kuna bibi mmoja mzungu ninayemhudumia, kapita themanini, akili bado kali, mdomo ndo usiseme. Asubuhi namlisha uji wake (wao wanaita grits, ni uji wa mahindi mzito, karibu ugali uliokata tamaa) nikamuuliza, wewe unamkumbuka Lurleen Wallace? Akanishika mkono kijiko kikiwa hewani. Akaniambia alipanga foleni Montgomery, makao makuu ya jimbo, na mama yake, masaa, miguu ikavimba ndani ya viatu vya kanisani, ili wapite tu mbele ya jeneza lake. Lilikuwa la fedha, akasema, juu limewekwa kioo, na ndani kalala msichana wa dukani. Hivyo ndivyo alivyomwita, msichana wa dukani. Machozi yakamlenga, nikampangusa, nikaendelea kumlisha.

Usiku nikakaa nikasoma, na kesho yake tena, na ndo maana naandika hapa leo badala ya kulala.

Huyu mama alizaliwa 1926 karibu na hapa hapa Tuscaloosa, akaitwa Lurleen Burns. Kweli alikuwa akiuza duka, Kresge's, yale maduka ya vitu vya senti kumi, na hapo ndipo George Wallace alipomkuta, kijana katoka kumaliza sheria chuo kikuu, hana hata nauli, anaendesha lori la serikali. Wakaoana 1943, binti ana miaka 16. Halafu ndo yale maisha ya mke wa mtu wa siasa ambayo ukiwa umekulia Kenya huhitaji kusimuliwa: mume hayupo, mume yuko kampeni, mume kashindwa kanuna (1958 alianguka), mume karudi kampeni tena. Yeye na watoto. Wakapata wanne.

1962 George akashinda ugavana, na Januari 1963 wakaingia Montgomery. Siku ya kuapishwa ndo mume alipotoa ile hotuba dunia nzima inaijua, ubaguzi leo, ubaguzi kesho, ubaguzi milele. Mke yuko hapo hapo, kavaa kapendeza. Ikulu ya gavana ikawa nyumba yake, na alichofanya ni kufungua vyumba vya chini kwa wananchi siku zote saba za wiki, mtu yeyote aingie atazame mapazia. Na pombe akakataza kabisa kwenye dhifa za serikali. Hilo la nyumba limenifikirisha, maana hebu jiweke, unaamka unashuka ngazi unataka chai na sebuleni kwako kuna watu wa basi wameshika kamera. Nasoma kwamba kitu alichopenda hasa ni kuvua samaki. Namuelewa!

Sasa katiba ya Alabama wakati ule ilikuwa hairuhusu gavana kukaa vipindi viwili mfululizo. George akajaribu kuibadilisha 1965, seneti ya jimbo ikamgomea. Basi 1966 akamsimamisha mke wake. Hawakuficha hata kidogo, kampeni ilisema wazi kwamba mnapata magavana wawili kwa lengo moja, mama anasoma hotuba fupi kisha anakaa, baba anasimama anaongea mpaka jua linazama. Wanaume wazito walikuwa kwenye kinyang'anyiro cha Democrat, wakiwemo wawili waliowahi kuwa magavana, na akawapiga wote raundi ya kwanza, akachukua zaidi ya nusu ya kura. Novemba akammaliza yule wa Republican. Mwanamke wa kwanza kuwa gavana Alabama, na wa tatu Marekani nzima. Mume akawekwa kama mshauri wa dola moja kwa mwaka.

Hapa Wakenya mnacheka, najua. Kwetu gavana ana vipindi viwili vya miaka mitano basi, na vikikaribia kuisha utaanza kuona mabango, mara mdogo wake, mara naibu, mara mama kaunti anagawa leso na sufuria kwa vikundi vya akina mama na picha yake imechapwa kubwa kuliko ya bwana. Katiba haina cheo cha mke wa gavana, hakuna pahala kimeandikwa, ila nenda ofisi yoyote ya kaunti uniambie kama hujaambiwa subiri kidogo mama anaingia. Nami simdharau kila mmoja. Dorothy Nyong'o wa Kisumu alianzisha Africa Cancer Foundation 2011, baada ya mumewe kuugua kansa ya tezi dume, na wakalisema hadharani, miaka kabla ya mzee kuwa gavana. Huyo kazi yake haikuja na kiti cha mume.

Na kansa ndo ninakotaka kufika, kwa sababu hiyo ndo iliyoninyima usingizi.

1961, kabla ya ikulu, Lurleen alizaa mtoto wa mwisho kwa kupasuliwa. Daktari akaona pale ndani nyama asiyoielewa, akaipeleka kupimwa, na majibu akampa mume. Si mgonjwa. Mume. Ndo ilivyokuwa desturi ya madaktari wao wakati ule, mambo ya mwili wa mke anaambiwa bwana halafu bwana aamue. Na George akaamua kunyamaza. Hakumwambia, hakumpeleka kwa mwingine, hakuna lolote, mama akatoka hospitali na kichanga akijua yuko salama. Damu ikaanza kumtoka bila mpango 1965, akaenda mwenyewe kwa daktari, akaambiwa ana kansa ya kizazi. Halafu kuna mtu wa ofisi ya mume wake akateleza ulimi, na hapo ndipo alipojua kwamba wapambe wa kampeni ya 1962 walikuwa wakijua. Wapambe! Wale wa kubandika mabango. Miaka mitatu watu wanakunywa kahawa yake mezani kwake wakijua kilichomo ndani ya tumbo lake na yeye hajui. Inasemekana alikasirika sana, na nimetafuta mahali palipoandikwa alifanya nini na hasira hiyo, kwa sababu kilichofuata ni Desemba 1965 anachomwa mionzi, Januari anatolewa kizazi, na Februari yuko jukwaani anatangaza anagombea.

Nilikuwa na shangazi yangu Kilifi. Nilikuwa msichana wa kubebeshwa kikapu, chupa ya chai na vikombe, na nilikuwa nimekaa kwenye ile benchi ya mbao nje ya wodi daktari alipotoka akasema mzee, njoo kidogo. Mjomba akaenda naye mpaka kule kwenye bomba la maji. Niliona mjomba anavua kofia, anaipangusa kwa ndani, anaivaa tena. Akarudi wodini akamwambia shangazi, daktari kasema upumzike. Baada ya hapo wanaume wa ukoo walikaa kikao, pesa zikachangwa, mbuzi akauzwa, kila mtu akajua, hata sisi watoto tukajua kwa kusikiliza nyuma ya mlango, na shangazi akawa anatupa maagizo ya mahindi ya msimu ujao. Mjomba wangu hakuwa mtu mbaya, alimpenda mkewe kijiji kizima kinajua. Lakini nawaza sasa nikiwa mtu mzima, shangazi alikuwa na mambo ya kusema na watu aliotaka kuwaona, na muda wake aligawiwa na wengine.

Kwa hiyo nikisoma habari za Lurleen moyo unaenda kwake wenyewe, sikuutuma.

Halafu moyo unarudi. Mimi ni mwanamke mweusi ninayeishi Alabama. Montgomery nimefika, kutoka ngazi za jumba la serikali mpaka kanisa la Dexter Avenue alilokuwa akihubiri Martin Luther King ni mtaa mmoja tu, mtu akipiga mluzi utausikia. Machi 1965 maandamano ya weusi kudai haki ya kupiga kura, kutoka mji wa Selma, yaliishia hapo, na George, bwana wa nyumba, alikuwa ndani hataki kuwapokea. Na Lurleen alipokalia kiti mwenyewe hakuwa kivuli tu kama watu wanavyopenda kumpamba. Machi 1967 mahakama ya shirikisho iliamuru shule za jimbo lote ziache kutenganisha watoto kwa rangi, na gavana, yaani yeye, alikwenda mbele ya bunge la jimbo kupinga. Labda hotuba aliandikiwa. Sauti ilikuwa yake. Watoto waliokuwa wanasubiri kuingia darasani hawakupata nafuu yoyote kwa kuwa anayewazuia ni mgonjwa na mumewe ni mwongo. Dada mmoja kazini, mweusi, mzaliwa wa hapa, nilipomtajia jina hili alicheka kwa pua akasema wao nyumbani kwao siku ile ya mazishi walifurahia tu kwamba shule zimefungwa, hivyo ndivyo mama yake alivyomsimulia. Nikamuuliza hamkumuonea huruma? Akasema nani alituonea.

Sina la kumjibu na sikujaribu.

Ila kuna jambo moja ambalo naamini lilikuwa lake peke yake. Februari 1967, mwezi mmoja tu tangu aapishwe, alikuja hapa Tuscaloosa kutembelea hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bryce na shule ya Partlow ya watoto wenye ulemavu wa akili. Watu wamerundikwa, wafanyakazi hawatoshi, hali ya kutia aibu. Mtoto mmoja akamjia akitaka kumkumbatia, anamuita mama, mama. Akalia palepale mbele ya wageni wake. Akarudi Montgomery akasukuma mkopo wa dola milioni 15 wa kujenga. Mi nafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha watu ambao jamaa zao wanakuja Krismasi kwa Krismasi, najua harufu ya korido ambayo hakuna mkubwa anapita, na najua mkubwa akipita huwa anatazama saa. Yeye alisimama. Hilo nampa, na silipunguzi.

Katikati ya 1967 kansa ikarudi. Akapelekwa Houston kupasuliwa, akarudi, akapasuliwa tena na tena, na huku mume kaanza kuutafuta urais wa Marekani, leo jimbo hili kesho lile. Tarehe 7 Mei 1968 akafariki nyumbani, ana miaka 41. Alikuwa amesema wazi, jeneza langu lifungwe. Mume akaamuru lifunguliwe. Ndo pale bibi yangu na mama yake wakapanga foleni, watu kama 21,000, wengine masaa matano, kumtazama mtu aliyeomba asitazamwe. Nilimwambia bibi hilo jana. Akanyamaza, kisha akasema hakulijua, kisha akasema angejua asingeenda, kisha baada ya muda akasema hapana, nisikudanganye, ningeenda tu.

Binti yao Peggy baadaye alikuja kushikana mkono na John Lewis, mmoja wa walioongoza maandamano ya Selma, kwenye lile daraja la Selma, 2009, lile lile walilopigiwa watu na askari wa baba yake. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, ni ndefu.

Nilipofika hapo kwenye kusoma ilikuwa saa nne usiku huku, nyumbani saa kumi na mbili alfajiri, nikampigia dada yangu. Nikamuuliza, ile klinik unayokwenda, kwenye faili lako wameandika namba ya nani ya kupigiwa majibu yakitoka? Akasema ya shemeji yako, kwani? Nikamwambia nenda ukabadilishe, weka yako. Akaniuliza nimeota nini. Nikamwambia hadithi ya mke wa gavana, nikaanzia Kresge's, akanikatiza, we mwanamke chai yangu inachemka na watoto hawajavaa, nitabadilisha, sawa, nitabadilisha, lakini huyo gavana wako mnipe namba yake nimtukane. Nikamwambia kafa 1998. Akasema bahati yake.